Namna ya Kudumu Katika Nafasi ya Ulinzi: Mwongozo kwa Mabeki wa Mbeya Kupitia Maisha ya Javier Zanetti

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya vijana wanaocheza ulinzi katika timu za shule na za mitaa hapa Mbeya, pamoja na walimu wanaowafundisha, baada ya kushuhudia kwa miaka mingi jambo moja linaloniumiza: mabeki wetu wazuri wanamalizika mapema. Kijana anang'ara kwenye UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, akiwa na miaka 17, anachukuliwa na timu ya ligi ya mkoa akiwa na 19, na akifika 24 goti au enka imekwisha kumrudisha nyumbani, au hasira zake zimewafanya makocha wamkimbie. Mara nyingi kipaji kilikuwepo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni mtu wa kumfundisha kudumu, kwa kuwa tumezoea kuchukulia kudumu kuwa bahati ya kuzaliwa nayo, ilhali ni kazi inayofundishika kama inavyofundishika krosi.

Somo ninalolitumia ni maisha ya uwanjani ya Javier Zanetti wa Argentina. Alizaliwa tarehe 10 Agosti 1973 na kukulia Dock Sud, mtaa wa bandari na viwanda ulioko Avellaneda, pembeni kabisa mwa jiji la Buenos Aires. Alianza soka la wakubwa mwaka 1992 katika klabu ya Talleres ya Remedios de Escalada iliyokuwa daraja la pili, akahamia Banfield mwaka 1993, na mwaka 1995 akaenda Inter ya Milan, ambako alikaa misimu 19 hadi alipostaafu mwaka 2014 akiwa na umri wa miaka 40. Aliichezea Inter mechi rasmi 858, idadi ambayo hakuna mchezaji mwingine wa klabu hiyo aliyeifikia, na akaichezea timu ya taifa mechi 143 kuanzia 1994 hadi 2011. Wako mabeki wa Amerika Kusini walioshinda Kombe la Dunia, naye hakulishinda. Nimemchagua kwa sababu karibu kila kilichomfanya adumu kinaweza kufanyika Uyole, Iyunga, Tukuyu au Mafinga bila fedha nyingi, na kwa sababu mwili wake haukuwa wa kutisha: urefu wake ni sentimita 178, urefu ambao nauona kila jioni kwenye viwanja vyetu.

Anza na mwili ulionao, na uhesabu kazi zako zote

Zanetti akiwa mtoto alikuwa katika timu za vijana za Independiente, klabu kubwa ya Avellaneda, ikamwacha kwa kuonekana mwembamba mno. Akarudi nyumbani akamsaidia baba yake kazi ya uashi, na kwa kipindi fulani akawa anasambaza maziwa alfajiri kabla ya mambo mengine ya siku. Hapa vijana wengi wa nyanda za juu watajitambua, maana wengi wao hubeba tofali kwenye matanuri, hupakia magunia ya viazi Uyole, au huteremka na madumu ya maziwa kwa baiskeli kabla jua halijachomoza.

Kosa tunalolifanya ni kudhani kwamba kazi hizo haziingii katika hesabu ya mazoezi. Kijana aliyepakia viazi tangu saa 12 asubuhi hadi saa 8 mchana anafika uwanjani saa 10 jioni, mwalimu anampangia mbio za kupandisha mlima kama mwenzake aliyekuwa amekaa darasani, na wote wawili wanaandikwa kuwa wamefanya mazoezi ya siku moja. Kwa kweli yule wa kwanza amefanya ya siku mbili. Misuli iliyochoka huchelewa kuitika, na beki anayechelewa kuitika huingiza mguu wakati mshambuliaji amekwisha kupita, ndipo enka inapopinduka.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kununua daftari la kawaida la shule na kuandika kila jioni mambo manne: umefanya kazi gani na kwa saa ngapi, umefanya mazoezi gani, umelala saa ngapi usiku uliopita, na sehemu gani ya mwili inauma. Baada ya wiki tatu mwalimu akilisoma daftari hilo ataona yale ambayo jicho haliyaoni uwanjani. Siku ambayo kazi imezidi saa 5 za kubeba, mazoezi yawe ya mpira na ya kujipanga, bila mbio ndefu. Siku moja kabla ya mechi usipakie mizigo kabisa ukiweza, na kama huwezi kwa sababu ndiyo riziki ya nyumbani, mwambie mwalimu ukweli ili akuanzishe benchi na kukuingiza baadaye. Mwalimu mwenzangu, kijana akikuambia hivyo usimwone mvivu, kwa maana huyo ameanza kuulinda mwili wake, na ndicho tunachomfundisha.

Matunzo ya kila siku

Zanetti alijulikana Italia kwa kutokosa mazoezi. Amewahi kusimulia mwenyewe kwamba hata siku ya harusi yake, Desemba 1999, alipata nafasi ya kwenda kufanya mazoezi kati ya ibada na sherehe. Sikushauri ufanye hivyo siku ya harusi yako, lakini nakushauri uelewe kilichomsukuma: kwake mazoezi yalikuwa kama kupiga mswaki, kitu kidogo kinachofanyika kila siku. Vijana wetu wengi hupenda mazoezi ya kishujaa, yale ya siku moja ya kukimbia hadi kutapika, kisha siku nne za kupumzika kwa maumivu. Mwili haujengwi hivyo, na kwa beki ni hatari zaidi, maana kazi yake ni ya kukimbia ghafla, kusimama ghafla na kugeuka ghafla.

Ratiba ninayoitumia inaanzia kwenye kupasha misuli joto. Shirikisho la soka duniani lina utaratibu uitwao FIFA 11+, wenye mazoezi 15 yanayochukua dakika 20 hivi na yasiyohitaji kifaa chochote zaidi ya mpira na alama chache za kuweka chini, na umethibitika kupunguza majeraha ukifanywa angalau mara mbili kwa wiki. Mwezi Juni na Julai, baridi ya Mbeya inapokuwa kali na upepo unateremka kutoka mlima Loleza, ongeza dakika 5 za kukimbia polepole kabla ya kuanza, na usivue sweta hadi jasho litoke. Nimeona misuli ya nyuma ya paja ikichanika kwenye mbio za kwanza za jioni ya Julai, mchezaji akiwa amefika amechelewa na kuingia moja kwa moja kwenye mechi ya mazoezi.

Katika mazoezi yote, manne ndiyo ninayomsisitizia beki ayafanye hata siku asiyokuja uwanjani. La kwanza ni la msuli wa nyuma ya paja: piga magoti juu ya kitenge kilichokunjwa, mwenzako akushike vifundo vya miguu, kisha uinamishe mwili wote mbele polepole ukiwa umenyooka kutoka magotini hadi kichwani, ukijizuia kwa misuli ya mapaja hadi ushindwe, ndipo ujipokee kwa mikono. Anza na mara 3 hadi 5 tu, kwa sababu siku ya pili utaumwa. La pili ni la kano ya kisigino: simama ukingoni mwa ngazi au tofali imara kwa vidole, inuka kwa miguu yote miwili, kisha hamisha uzito kwenye mguu mmoja na ushushe kisigino taratibu hadi kiwe chini ya ukingo. Fanya mara 15 kila mguu, kwa awamu 3. La tatu ni kusimama kwa mguu mmoja sekunde 30, goti likiwa limekunjwa kidogo, mara 2 kila upande, na likizoeleka mwenzako akurushie mpira huku umesimama hivyo. La nne ni kulala kifudifudi na kujiinua kwa viwiko na vidole vya miguu, mgongo ukiwa umenyooka kama ubao, sekunde 20 hadi 30, mara 3.

Ardhi nayo ni sehemu ya matunzo. Kuanzia Agosti hadi Oktoba viwanja vyetu vingi hukauka na kuwa vigumu kama sakafu, na kano ya kisigino pamoja na magoti ndiyo hulipa gharama. Katika miezi hiyo peleka mbio kwenye kingo zenye nyasi au kwenye njia za udongo laini za mashambani, na vaa viatu vyenye njumu fupi na nyingi. Masika yakianza, hasa Tukuyu ambako mvua haina mchezo, njumu ndefu zitakusaidia usiteleze, lakini usizivae kwenye uwanja mgumu hata kama ndizo pekee zinazovutia macho, kwa sababu mguu utakwama wakati mwili unageuka.

Kuhusu chakula sina mengi ya kusema, kwa kuwa nyanda za juu zimejaaliwa. Ugali au wali wa Mbarali na Kyela, maharage, ndizi za Rungwe, viazi, maziwa, parachichi na dagaa wa Ziwa Nyasa vinamtosha kabisa mchezaji kijana, mradi asicheze na njaa na asile sana chini ya saa 3 kabla ya mechi. Pombe iachwe. Usingizi usipungue saa 8, na kwa kijana anayekua 9 ni bora zaidi.

Liko jambo la hewa ambalo ni letu hasa. Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kijana aliyekulia hapa huona wageni kutoka pwani wakihema mapema kwenye Uwanja wa Sokoine. Zanetti anaijua adha hiyo kutoka upande wa mgeni: tarehe 1 Aprili 2009 alikuwa kwenye kikosi cha Argentina kilichofungwa na Bolivia 6 kwa 1 mjini La Paz, kwenye kimo cha takriban mita 3,600, katika timu iliyokuwa na Messi na Tevez. Hata hivyo usijidanganye kwamba mapafu ya mlimani yanatosha kila mahali. Ukishuka kucheza Kyela au Dar es Salaam adui wako ni joto, kwa hiyo anza kunywa maji ya kutosha tangu siku moja kabla, fika mapema ukiweza, na katika dakika 15 za mwanzo usipande mbele ovyo, maana beki aliyeishiwa nguvu dakika ya 60 huwaachia wenzake mzigo wa nusu saa.

Jifunze kusimama kwa miguu

Ukiwa na simu na kifurushi kidogo, usitazame mikusanyo ya mabao. Tafuta dakika 10 za mechi moja ya Inter na umtazame Zanetti peke yake, hata mpira ukiwa upande mwingine. Utaona kwanza kwamba hatembei: anasogea hatua mbili tatu kila mpira unapohama, anageuza shingo kuangalia nyuma yake, anarekebisha nafasi kati yake na beki wa kati. Pili, utaona kwamba halali chini mara kwa mara. Beki anayeteleza hovyo hupigiwa makofi na watazamaji, lakini akikosa mpira anakuwa nje ya mchezo kwa sekunde kadhaa, na kila anapoteleza kwenye ardhi yetu ngumu anachubua nyonga na kuhatarisha enka.

Hivi ndivyo ninavyowafundisha. Winga anapokuja na mpira, mkimbilie kwa kasi wakati mpira uko njiani kumfikia, kisha upunguze mwendo hatua 3 kabla ya kumfikia. Geuza mwili uwe ubavu, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, magoti yakiwa yamekunjwa, ukiacha nafasi ya hatua moja na nusu kati yenu. Mguu wako wa mbele ndio unaomfungia njia ya ndani, na mwili wako unamwonyesha njia ya kuelekea mstari wa pembeni, ambako mstari wenyewe unakusaidia kukaba. Tazama mpira, usitazame mabega wala macho yake. Rudi nyuma naye kwa hatua fupi, na uingize mguu pale tu anapousukuma mpira mbali na mguu wake, au unaposikia mwenzako amefika kukusaidia. Watu wa mitaani watakuita beki wa kukaba kwa macho. Waache waseme, kwa maana kumchelewesha mshambuliaji sekunde 4 kunawapa wenzako muda wa kurudi, na mara nyingi hicho ndicho timu ilichokihitaji.

Zoezi lake ni rahisi. Chora njia yenye upana wa mita 8 na urefu wa mita 20 pembeni mwa uwanja, mshambuliaji aanzie mwisho mmoja na beki katikati, na kwa raundi 5 za kwanza mkataze beki kuugusa mpira kabisa: kazi yake ni kumpeleka mwenzake kwenye mstari na kumchelewesha. Ndipo raundi 5 zinazofuata umruhusu kupora. Utashangaa jinsi anavyopora kwa urahisi baada ya kunyimwa ruhusa.

Ukishapora, mfuate Zanetti katika jambo jingine. Hakuwa mtu wa kubutua. Alikuwa anaondoka na mpira karibu na mguu, mwili ukiwa katikati ya mpira na mpinzani, mkono umenyooka kidogo kujilinda, na watu wakashindwa kumnyang'anya hata alipokuwa na miaka 37. Mashabiki walimwita Trekta. Kwa walimu wa hapa, ambao kauli yao ya kwanza kwa beki ni "toa mpira hapo!", naomba tuibadilishe iwe "angalia mbele kwanza".

Miguu miwili, nafasi nne

Tarehe 30 Juni 1998, mjini Saint-Étienne, Argentina ilikuwa nyuma kwa mabao 2 kwa 1 dhidi ya Uingereza katika Kombe la Dunia, kipindi cha kwanza kikiwa kinaisha. Ukapatikana mpira wa adhabu. Batistuta akajifanya anapiga akapita, Verón akapenyeza pasi fupi pembeni mwa ukuta, na Zanetti, beki wa kulia anayetumia mguu wa kulia, akaupokea, akageuka na kufunga kwa mguu wa kushoto. Argentina ilishinda baadaye kwa penalti. Kila ninapomfundisha kijana anayesema "huu mguu wangu ni wa kusimamia tu", namwonyesha bao hilo.

Mguu ule wa pili ndio uliomwongezea miaka. Aliposajiliwa Inter alikuwa mtu wa upande wa kulia, lakini kadiri makocha walivyobadilika, na Inter ilibadilisha makocha mno, kila mmoja alimkuta akifaa mahali fulani: beki wa kulia, beki wa kushoto, winga wa kulia, kiungo wa kati. Tazama majuma machache tu ya mwaka 2010. Tarehe 28 Aprili, Barcelona, kwenye nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, Inter ikiwa na wachezaji 10 baada ya Thiago Motta kutolewa dakika ya 28, alicheza beki wa kushoto, na wakafungwa bao 1 tu wakavuka kwa jumla ya 3 kwa 2. Tarehe 22 Mei, Madrid, kwenye fainali dhidi ya Bayern Munich, alianza kama kiungo kando ya Cambiasso, Maicon akiwa beki wa kulia, na Inter ikashinda 2 kwa 0. Hiyo ilikuwa mechi yake ya 700 kwa klabu, naye ndiye nahodha aliyenyanyua kombe. Laiti angeng'ang'ania namba mbili, yaani beki wa kulia, Maicon alipofika mwaka 2006 angekuwa mwisho wake.

Hapa kwetu tunao mfano wa karibu katika Erasto Nyoni, ambaye akiwa Azam, Simba na Taifa Stars alipangwa beki wa pembeni, beki wa kati na kiungo mkabaji, na uwezo huo ulimweka kwenye soka la juu kwa miaka mingi.

Namna ya kufanya ni hii. Kila jioni, baada ya wenzako kumaliza, piga pasi 50 ukutani kwa mguu dhaifu, 25 za kutuliza kwanza na 25 za kugusa mara moja. Ukuta wa darasa unatosha, ukiwa na ruhusa. Kila mwezi, mwombe mwalimu akupange nusu saa katika nafasi usiyoizoea kwenye mechi ya mazoezi, na usiku huo uandike katika daftari kitu kimoja ulichokiona kutoka nafasi hiyo ambacho hukijui ukiwa beki. Aliyewahi kucheza winga anajua winga anachukia nini.

Hasira

Katika mechi zote hizo za Inter, Zanetti alitolewa kwa kadi nyekundu mara 2 tu: mwaka 1999 na mwaka 2011. Kati ya kadi ya kwanza na ya pili ilipita zaidi ya miaka 12. Si kwamba hakuwa na damu ya moto. Mwaka 1997, kwenye fainali ya Kombe la UEFA dhidi ya Schalke, kocha Roy Hodgson alipomtoa mwishoni mwa muda wa nyongeza alikasirika na wakajibizana pale pale pembeni mwa uwanja. Baadaye walipatana, na mwaka uliofuata alifunga bao katika fainali ya kombe hilohilo, Inter ilipoifunga Lazio 3 kwa 0 mjini Paris.

Hasira ya beki ina gharama ambayo ya mshambuliaji haina, kwa sababu yeye akikosea kwa hasira mara nyingi ni ndani ya eneo la hatari. Ninawafundisha vijana desturi moja: baada ya kuchezewa vibaya au kuonewa na mwamuzi, geuka utazame goli lako mwenyewe, vuta pumzi 3, kisha muulize mlinda mlango kwa sauti, "nimekaa sawa?" Swali hilo linairudisha akili kwenye kujipanga. Kwenye mashindano ya ndondo, ambako watazamaji husimama karibu kabisa na mstari na kumtukana beki wa pembeni dakika 90, desturi hii imewaokoa wengi ninaowajua. Nahodha peke yake ndiye azungumze na mwamuzi, na azungumze mikono ikiwa nyuma.

Unapoachwa

Mwaka 2006 Zanetti aliachwa nje ya kikosi cha Kombe la Dunia na kocha wa Argentina, José Pekerman. Mwaka 2010, wiki zilezile alipokuwa anabeba Ligi ya Mabingwa, kocha Diego Maradona naye alimwacha. Lakini Desemba 2010 alikuwa Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la Klabu, akafunga bao kwenye nusu fainali akiwa na miaka 37, na akawa nahodha kwenye fainali waliyoifunga TP Mazembe ya Lubumbashi 3 kwa 0, fainali ambayo Afrika nzima tuliitazama kwa moyo wa kuumia. Ukiachwa, muulize mwalimu maswali mawili tu: nimekosa nini, na nikifanye wapi. Andika majibu, kisha urudi mazoezini kesho yake kwa wakati uleule.

Unaporudi kutoka kwenye jeraha

Tarehe 28 Aprili 2013, kwenye mechi dhidi ya Palermo, kano ya kisigino ya Zanetti ilikatika. Alikuwa na miaka 39, na wengi waliamini kwamba hapo ndipo mwisho. Alifanyiwa upasuaji, na tarehe 9 Novemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 40, aliingia kutoka benchi dhidi ya Livorno kwenye uwanja wa San Siro. Akamalizia msimu, akaaga Mei 2014, na Inter ikaistaafisha jezi namba 4. Kwa sadfa ninayoipenda, huo ndio msimu Mbeya City ilipopanda Ligi Kuu na kumaliza nafasi ya tatu, Uwanja wa Sokoine ukifurika kila wiki.

Miezi 6 na zaidi alingoja mtu huyo, akiwa na madaktari wa klabu tajiri. Sisi huku hatuna wataalamu hao, na hivyo tunapaswa kungoja kwa uangalifu zaidi. Mimi mwenyewe nilirudi uwanjani wiki 3 baada ya kuumia goti kwa sababu kulikuwa na fainali ya mtaa, na sijacheza mechi ya ushindani tangu siku hiyo.

Ukisikia mlio kama kitu kimekatika nyuma ya kisigino, au goti likivimba ndani ya saa chache, au ukishindwa kukanyaga hatua 4, nenda hospitali siku hiyohiyo, usichuliwe na mtu. Kwa majeraha madogo ya misuli na enka, pumzisha sehemu iliyoumia, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, funga bandeji isiyobana mno, na uinue mguu juu ya kiwango cha moyo. Usichue wala kupaka dawa ya moto siku 2 za mwanzo, jambo ambalo kwetu hufanyika kinyume kila siku.

Kurudi kuwe kwa ngazi, na usipande ngazi inayofuata hadi ile uliyopo ipite bila maumivu wakati wa zoezi na bila uvimbe asubuhi ya pili. Kwanza tembea haraka dakika 30. Kisha kimbia polepole kwa mstari ulionyooka. Kisha kimbia kwa kasi ukisimama ghafla na kugeuka pande zote mbili. Kisha inua kisigino mara 20 kwa mguu ulioumia na ulinganishe na mguu mzima, na uruke kwa mguu huo mmoja mbele mara 3 mfululizo ukipima umbali kwa hatua, ambao usipungue sana kuliko wa mguu mzima. Ndipo uingie mazoezini na wenzako bila kugusana, baadaye na kugusana kwa muda usiopungua wiki moja.

Mechi ya kwanza kijana aanzie benchi, kama Zanetti dhidi ya Livorno, na aingizwe wakati wa kipindi cha pili kwa dakika 15. Mwalimu asimame upande wake wa uwanja amtazame anavyogeuka. Asubuhi inayofuata kijana akanyage sakafu kwa mguu mtupu kabla ya kuvaa kiatu, aandike kwenye daftari anavyousikia mguu, na kama hakuna uvimbe wala ugumu, mechi inayofuata apewe dakika 30.